Hofu ya Mkunga

Kitabu cha Kutoka hakimtaji kwa jina Farao aliyewatesa Waebrania, lakini kinawataja kwa majina wakunga wawili, Shifra na Pua. Farao aliwaagiza wamuue kila mtoto wa kiume wakati uleule wanapomzalisha mama yake. Hawakufanya hivyo, na sababu inayotolewa ni moja tu: walimwogopa Mungu. Wahubiri wengi hupapita hapo mbio, wakiwahi kisafina cha Musa na yule binti mfalme aliyekiona kando ya mto. Naona ni hasara, kwa sababu mistari hiyo michache ina jambo ambalo mahubiri mengi kuhusu wito wa mwanamke huliruka. Hatuambiwi kwamba wanawake wale hawakuwa na hofu. Mtu aliyeitwa mbele ya mfalme wa Misri na kupewa amri ya siri alijua vizuri gharama ya kukaidi. Tunachoambiwa ni kwamba hofu moja ilipewa nafasi juu ya nyingine. Nadhani huko ndiko kumtumaini Mungu kwa mwanamke mwenye wito, na sijui kazi inayolidhihirisha jambo hilo kuliko ukunga wenyewe.

Tuutazame ufundi huo kwa karibu, maana sifa zake haziko katika maneno ya jumla. Mimba inapokomaa, damu inayopita katika mfuko wa uzazi huzidi nusu lita kwa dakika. Mtoto akishatoka na kondo la nyuma kubanduka, mfuko huo unapaswa kujikaza ili mishipa yake ya damu ifunge. Ukilegea, mama mwenye afya njema anaweza kufa kwa kuvuja damu katika muda wa saa mbili hivi. Ndiyo maana mkunga aliyefunzwa humchoma mama sindano ya oksitosini, uniti 10, ndani ya dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Baadaye hulivuta kondo kwa utaratibu huku mkono wa pili ukiuzuia mfuko wa uzazi usishuke, hulikagua kondo kuona kama limetoka zima, kisha hurudi tena na tena kulipapasa tumbo kuhakikisha kwamba mfuko huo umekaza. Katika dakika hiyohiyo kuna mtu wa pili wa kuangaliwa: mtoto asiyepumua anatakiwa kukaushwa, kusuguliwa mgongo na, asipoitikia, kupewa hewa kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijaisha. Nani awezaye kuyafanya haya bila hofu? Mkunga asiyeogopa damu wala ukimya wa kichanga ndiye wa kuogopwa. Hofu yake ni sehemu ya ujuzi wake. Ndiyo inayomwamsha kwenye kiti saa tisa ya usiku akapime tena mapigo ya moyo ya mtoto yaliyokuwa sawa nusu saa iliyopita.

Ufundi huu umejifunza hata kuichora hofu kwenye karatasi. Mwaka 1972 Hugh Philpott na mwenzake Castle, wakifanya kazi katika jiji ambalo leo linaitwa Harare, walichapisha patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, yenye mistari miwili: mmoja wa tahadhari, na wa pili, saa nne mbele yake, wa kuchukua hatua. Mkunga huweka alama jinsi njia inavyofunguka, na alama zikivuka mstari wa kwanza anajua kwamba wakati wa kumpeleka mama hospitali kubwa umefika. Karatasi ile iliwafaa hasa wakunga wa zahanati za mbali, wasio na daktari wa kumwuliza. Haikuwaambia wasiogope. Iliwaambia waanze kuogopa lini, na wakishaogopa wafanye nini.

Ushahidi wa karibuni unaelekea hukohuko. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walipewa shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo, la kukinga damu chini ya mama, pamoja na utaratibu wa kutoa tiba zote kwa mkupuo mara kiwango cha hatari kinapofikiwa: kukanda tumbo, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kutafuta chanzo cha damu. Katika hospitali zilizofuata utaratibu huo, visa vya kuvuja damu kupindukia, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au kufa vilipungua kwa asilimia 60. Tiba hizo hazikuwa ngeni, wakunga walizijua. Kilichobadilika ni kwamba hawakutegemea tena jicho, na jicho la mtu anayetamani mambo yawe salama hukadiria damu pungufu. Kuna matumaini yanayoua, nayo huvaa vizuri vazi la imani: tungoje kidogo, Mungu ni mwema, itakoma. Mkunga anayepima damu hajapungukiwa imani hata kidogo. Amekubali tu kwamba Mungu anayemtumaini hakumpa ruhusa ya kutotazama.

Hapa msomaji wa Biblia atainua mkono. Je, Waraka wa Kwanza wa Yohana hausemi kwamba upendo uliokamilika huitupa hofu nje? Na mbona mikesha yetu imejaa maombi ya kuikemea roho ya woga? Pingamizi hilo lina uzito, ila Yohana mwenyewe anaeleza ni hofu ipi anayoizungumzia: ile inayohusu adhabu, ya mtu anayemdhania Mungu kuwa hakimu anayemvizia. Hofu hiyo kweli haina kazi leba. Mkunga aliyefiwa na mama usiku, akaamini kwamba kifo kile ni hukumu juu yake, atarudi kazini akiwa na mikono inayotetemeka, au hatarudi kabisa. Lakini hofu inayomfanya aite msaada mapema ni kitu kingine, na kuzikemea zote mbili kwa sala moja ni kumdhulumu. Tena turudi kwa Shifra na Pua. Farao alipowahoji, hawakumwambia usoni kwamba wamekataa. Walisema kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu, hujifungua kabla mkunga hajafika. Wanatheolojia wamebishana karne nyingi kama ule ulikuwa uongo unaosameheka. Mimi naona zaidi kwamba ni jibu la watu wenye hofu, na tena ni jibu la mafundi: limetoka ndani ya kazi yao, mahali ambapo Farao hakuwa na njia ya kuhakiki. Walitetemeka, wakatumia akili, na watoto wakaishi. Mungu hakungoja wawe mashujaa wasiotikisika ndipo awabariki. Kitabu kinasema aliwatendea mema na kuwapa nyumba zao wenyewe.

Kwa mwanamke Mkristo, hata hivyo, hofu haitoki leba peke yake. Mara nyingine imetoka kanisani. Hadi mwanzoni mwa 1936, kanuni na desturi za Kanisa Katoliki ziliwazuia watawa wenye nadhiri kufanya kazi ya uzazi, kwa kuhofia usafi wa moyo wao. Agnes McLaren, daktari wa Kiskoti aliyelazimika kusomea Montpellier kwa kuwa vyuo vikuu vya kwao viliwafungia wanawake milango, alikwenda Roma mara kadhaa kuomba katazo hilo liondolewe. Alifariki mwaka 1913 bila kulipata jibu. Anna Dengel, binti wa Austria aliyewahi kuandikiana naye barua bila kuonana naye, alikwenda kutibu Rawalpindi, ambako wanawake wa Kiislamu waliotunzwa ndani ya pazia hawakukubali kutibiwa na mwanamume, na wengi wakifa katika uzazi. Mwaka 1925 akaanzisha jumuiya ya wanawake wamisionari wa tiba, ambao kwa miaka 11 walifanya kazi bila nadhiri za hadhara, wakisubiri. Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hiyo: mwaka 1921 Mama Kevin, mtawa Mfransisko kutoka Ireland, pamoja na daktari Evelyn Connolly, walianzisha shule ya wauguzi na wakunga Nsambya, Kampala. Mwezi Februari 1936 Roma ilibadili msimamo na kuwahimiza watawa waifanye kazi hiyo. Wanawake hao hawakulikana Kanisa, wala hawakuuacha wito wakisubiri Kanisa liache kuogopa. Walisoma, waliandika barua, walifunza wengine. Subira ya namna hiyo haifanani na kunyamaza.

Kuna atakayesema kwamba mkunga asiyesali anazalisha vizuri kama anayesali, na sitabishana naye. Oksitosini haiulizi dini. Imani haiongezi wepesi wa vidole, na anayedhani inaongeza asiruhusiwe kugusa mgonjwa kabla hajarudi darasani. Inachogusa ni swali ambalo mtaala hauna jibu lake: baada ya kufanya kila kitu sawasawa na mtoto bado akafa, mtu anarudije zamu ya kesho? Anayeamini kwamba uhai ule haukuwa mali yake tangu mwanzo anaweza kulia, akaandika ripoti ya kweli bila kujificha, akaosha mikono na kumpokea mama mwingine. Wengine hupata nguvu hiyo kwingine. Yeye ameipata hapo, na haina haja ya kuonewa haya.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni kwamba neno wito limetumiwa kama kisingizio cha kuwalipa wanawake kidogo na kuwachosha sana. Hilo ni kweli, na makanisa yanayomiliki hospitali hayana budi kulisikia. Wahenga walionya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Matusi hayatoki mdomoni tu. Kumwacha mkunga mmoja na wazazi sita usiku kucha, halafu kumwambia amtumaini Mungu, ni matusi. Oksitosini hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na ikikaa kwenye joto nguvu yake hupungua. Basi parokia au usharika unaowaombea wakunga kila Jumapili na utume mtu Jumatatu akaulize kama friji ya zahanati inafanya kazi, kama kuna gari la kumkimbiza mama hospitali ya rufaa, na kama mshahara wa mwezi huu umelipwa.