Marumaru ya Kajiado Nyuma ya Jiko

Kitengela imejaa mazeras. Yako kwenye nguzo za lango, kwenye vibaraza, kwenye kuta za mbele za nyumba za kupangisha, na kweli yanapendeza. Kwa hiyo mtu anapojenga jiko lake humwambia fundi ambandikie hayohayo ukutani, kati ya kaunta na kabati za juu. Fundi aliyekomaa hakatai papo hapo. Huuliza kwanza kama nyumba hii hupika chapati.

Mazeras ni jiwe la mchanga kutoka pwani, lenye mikwaruzo na vishimo. Nje, mvua huliosha. Nyuma ya jiko, mvuke wa mafuta huingia kwenye vishimo, vumbi la Kitengela likafuata, na baada ya miezi michache kitambaa hakifui dafu. Ndipo fundi humgeuza mteja kidogokidogo atazame kusini, kwenye barabara ya Namanga, linakotoka jiwe jingine: marumaru ya Kajiado. Ni jiwe la chokaa lililopikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mawe ya chokaa ya Kajiado huishia pia kwenye saruji ya Athi River, ila yale yenye chembe nzuri hukatwa mabamba, meupe au yenye mistari ya kijivu.

Fundi niliyemtazama akichagua hakuanza na rangi. Alimwagia bamba maji, kwa sababu jiwe likilowa huonyesha mishipa na nyufa ambazo vumbi la kiwandani limezificha. Akaligonga kwa sarafu mahali kadhaa, sikio karibu. Palipo pazima hulia; penye ufa sauti hufifia. Mwisho akaacha tone la maji juu yake, akaenda kuzungumza habari nyingine, akarudi. Palikuwa na doa lililokoza, maana yake jiwe linakunywa na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya kuonja mafuta.

Akauliza pia kuhusu ukuta. Bamba la sentimita 2 lina uzito wa kilo zipatazo 54 kwa kila mita ya mraba, na plasta iliyopigwa kwa saruji ya kubania haitalibeba. Akachukua la sentimita 1.

Kazi inayonivutia zaidi huanza kabla gundi haijakorogwa. Vipande vyote hupangwa sakafuni, vikavu, na fundi huvizunguka akivigeuza, hiki juu chini, kile kushoto, mpaka mstari wa kijivu utoke kwenye kipande kimoja na kuingia kwenye kingine bila kuruka. Huvipa namba kwa chaki, nyuma. Penye soketi hukata kwa grainda huku msaidizi akimwaga maji, kisha hulainisha ukingo kwa msasa, mkali kwanza, laini baadaye, akipapasa kwa kidole gumba na wala si kwa macho. Gundi lazima iwe nyeupe: marumaru nyembamba hupitisha mwanga, na gundi ya kijivu itaonekana kama uchafu usiosafishika. Na ukimsikiliza, atakushauri uso usiong'aa sana. Naungana naye; jiko si ukumbi wa benki.

Kisha huja suala la maji. Ya visima vya Kitengela yana chumvi nyingi, yanaacha ukoko mweupe kwenye bomba na birika, na kila mama wa nyumba anajua dawa yake: limau au siki. Ukoko huo, kwa sehemu kubwa, ni kalsiamu kaboneti, na marumaru ni kalsiamu kaboneti vilevile. Asidi haiwezi kuutafuna ukoko ikalisamehe jiwe.

Fundi yule hakueleza kemia. Alichukua kipande cha masalio, akakikamulia limau mbele ya mwenye nyumba. Povu dogo likatokea. Alipofuta, pale palikuwa pamepauka.

"Mama, limau ni la samaki," akasema. "Hapa ni maji, sabuni ya vyombo kidogo, halafu ukaushe kwa kitambaa."

Kukausha ndiko kunakosahaulika, ilhali ndiko kunakozuia ukoko usijijenge. Nyanya ikiruka, ifutwe papo hapo. Doa la mafuta lililokwisha kuingia hupakwa poda ya mtoto iliyokandwa kwa maji na sabuni, likafunikwa kwa nailoni hadi kesho yake, poda ikanyonya. Pengine itabidi kurudia. Dawa ya kuziba hurudiwa pia, na siku yake hujulikana kwa lile tone la maji: likianza tena kuacha doa, wakati umefika.

Vipande viwili vizima vilivyobaki vikawekwa chini ya sinki. Siku kimoja cha ukutani kikipasuka, hata machimbo yaleyale hayatatoa kingine chenye mistari ile.