Chenga za Mkate: Ugumu Si Ukavu

Katlesi ikitoka katika mafuta imepiga weusi nje, ilhali viazi na nyama vilivyomo ndani havijapata hata uvuguvugu, aghalabu lawama huangukia jiko, au mafuta, au mkono wa mpishi. Lakini mimi nadai kuwa kosa hilo mara nyingi lilikwisha kutendeka zamani, siku ile zilipotengenezwa chenga za mkate, na asili yake ni dhana ya kwamba mkate uliokuwa mgumu umekwisha kuwa mkavu.

Dhana hiyo ilibatilishwa kitambo. Mwaka 1852 Jean-Baptiste Boussingault, mwanakemia wa Ufaransa, alidhihirisha kwamba mkate uliozuiliwa usipoteze maji yake huwa mgumu vilevile, na kwamba ukipashwa moto huurudia ulaini wake, jambo ambalo lisingeliyumkinika kama ugumu ungalikuwa ni upungufu wa maji tu. Sababu ni wanga: tanurini huvimba kwa maji na kulegea, kisha mkate upoapo hujipanga upya kidogo kidogo na kukaza, na maji yakasalia mle mle. Ubaridi wa friji huharakisha mageuzi hayo, ndiyo maana mkate wa boflo uliolala humo hukakamaa upesi kuliko uliolala kabatini. Na pamoja na ugumu wote huo, ungali umebeba maji yapatayo theluthi ya uzito wake.

Basi fundi wa chenga huuhitaji ugumu kwanza, na ukavu baadaye. Mkate wa leo ukitwangwa hufanya madonge, kwa kuwa kiini chake kingali laini. Wa jana hukubali kumeguka. Umegwe vipande vidogo, utandazwe safu moja katika sinia, uingizwe katika joto la nyuzi 100 hadi 120 za sentigredi, ugeuzwe mara kwa mara, mpaka maji yatoke pasipo rangi kuingia. Asiye na oveni atumie makaa yaliyokwisha kufifia na kuvaa jivu, wala asipalie moto juu kama apikaye mkate wa kumimina, kwani moto wa juu hubabua. Mkate wa gramu 400 utaacha maji yakaribiayo gramu 130.

Kazi hii yataka subira. Vipande vya pembeni hutangulia kualika vikivunjwa, na mtu akadhani amemaliza. Na achukue kilicho kinene kuliko vyote, akivunje katikati, akibonyeze kiini chake kwa ncha ya kidole, na kikibonyea, japo kidogo, sinia lirudi motoni. Rangi nayo ibaki ile ile ya mkate mweupe. Mkate huanza kupiga hudhurungi uso wake ufikapo kiasi cha nyuzi 140, kwa ule muungano wa protini na sukari ambao Louis Camille Maillard aliueleza mwaka 1912. Na kwa kuwa chenga zitakutana na mafuta ya nyuzi 170 au 180, zile zilizokwisha kuchukua rangi hazina muhula tena, huungua kabla joto halijapenya ndani. Mikate ya sukari na maziwa yataka hadhari zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Maganda yalichukua rangi yake tanurini. Wako wayatupao, nami naona hiyo ni israfu tupu: yakaushwe na kutwangwa mbali, yachanganywe katika nyama ya kababu, ambamo kazi yake ni kunywa majimaji na kushikanisha, wala weusi wake haudhuru.

Mchi uangushwe kwa wepesi, kisha lije chekeche. Zilizo laini mno hufanya gamba lililobana. Zilizo nene hualika vizuri mdomoni, lakini huacha mianya inywayo mafuta. Kwa katlesi nazipendelea zilizo baina, mfano wa mchanga wa pwani.

Zipoe kabisa kabla ya kutiwa chupani, kwa maana mvuke wa chenga vuguvugu hugeuka matone chini ya kifuniko, na ukungu hauhitaji zaidi ya hayo. Fauka ya hayo, hewa ya Unguja na Mombasa wakati wa masika imejaa unyevu, na chenga huunyonya kila kifuniko kifunguliwapo. Zikitiwa konzini zikashikamana badala ya kupita baina ya vidole, zitandazwe katika kikaango kisicho na mafuta, juu ya moto mdogo, zikorogwe mpaka ziachane.