Mla nawe hafi nawe



Wako watu wanaosema kama serikali isichanganye mkono wake na wenye biashara, nao huleta habari ya Solyndra kuwa ushuhuda. Yafaa tuipime vema, kwani hukumu ya mbio mara nyingi haina haki.

Solyndra ilikuwa kompani ya Fremont, katika California, inchi ya Marekani. Ilitengeneza vyombo vya kugeuza mwanga wa jua kuwa umeme. Si vibao bapa, bali mirija ya kioo isiyohitaji silikoni, ambayo wakati ule ilikuwa ghali. Mwaka 2009 serikali ilisimama mzamini wa mkopo wa dola milioni 535. Mwaka 2010 Rais Barack Obama alikwenda mwenyewe kukisifu kiwanda. Lakini bei ya silikoni ikaanguka, vibao vya China vikawa rahisi, na mirija ikashindwa sokoni. Septemba 2011 kompani ikafilisika, na watu 1,100 hivi wakapoteza kazi.

Je, kosa ni kushirikiana? Hapana. Mpango uleule wa mikopo ulisaidia mitambo mitano ya kwanza ya vibao vya jua iliyopita megawati 100 katika Marekani. Baadaye mabenki yakaingia yenyewe bila kusukumwa. Tena mpango wa SunShot, ulioanzishwa mwaka 2011, ulitaka umeme wa mitambo mikubwa ya jua ushuke hadi senti 6 kwa kilowati moja ya saa moja ifikapo 2020. Shabaha hiyo ilifikiwa mwaka 2017.

Kosa la kwanza lilikuwa kupiga vigelegele kabla soko halijasema. La pili ni zito zaidi. Mwanzo wa 2011, kompani ilipokuwa ikiyumba, matajiri waliongeza dola milioni 75, na serikali ikakubali walipwe wao kwanza. Hivyo feza ya wote ikawekwa nyuma ya feza ya wachache. Na kama kiwanda kingestawi? Raia wangerudishiwa deni na riba yake tu. Utajiri ungebaki kwa wenye kompani.

Wazee walisema: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Basi serikali na ishirikiane na wenye viwanda, lakini mapatano yaandike wazi nani atakula faida na nani atabeba hasara.

Nasi vilevile, tukiletewa ahadi ya umeme wa jua kijijini, tusiulize tu taa zitawaka lini. Tuulize pia: zikizimika, nani atalipa?