Mbwa Asiyejua Kuacha

Ngano ikishavunwa Uingereza, mashamba yakabaki vishina na baridi ya Oktoba ikaanza kuuma, panya waliokuwa wakila kondeni huhamia majengoni: ghalani, kwenye banda la kuku, chini ya marobota ya majani makavu yaliyopangwa hadi karibu na paa. Ndipo mkulima anapompigia simu mtu mwenye teria. Mtu huyo hufika asubuhi na gari lililojaa matope, sepetu, ndoo ya maji safi, na mbwa wawili au watatu wadogo wasiofika goti la mtu mzima. Mbwa wenyewe wanajua walichokuja kufanya. Wanatetemeka mwili mzima, na si kwa baridi.

Lakini hawafungulii. Anawaacha garini, anazunguka majengo pamoja na mwenye shamba, na kabla ya jambo lolote anauliza: "Umeweka sumu hapa siku za karibuni?" Swali hilo nimelifanya kipimo changu cha ufundi. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande, na dalili zake hukawia siku kadhaa. Panya aliyekula chambo leo, kesho bado anakimbia. Mbwa akimmeza, naye anaweza kwenda nyumbani akiwa mzima machoni pa watu, kisha siku chache baadaye aanze kuvuja damu ndani kwa ndani. Dawa ipo, vitamini K1, ila humfaa mbwa ambaye mmiliki wake anajua kilichompata. Jibu la mkulima likiwa ndiyo, au likiwa la kusitasita, fundi wa kweli anawasha gari na kuondoka, mbwa wakilalamika nyuma njia nzima.

Teria amezalishwa ili asiache. Mbwa wa kuchunga kondoo hufanya kazi mbele ya macho ya bwana wake, akisikiliza mbinja na kugeuka inavyotakiwa. Teria akishapita mdomo wa tundu hana wa kumtazama. Yuko peke yake gizani, uso kwa uso na mnyama mwenye meno, na kwa vizazi vingi wakulima na wawindaji wa Uingereza na Uskoti waliwazalisha wale waliosonga mbele na kuwaacha waliorudi nyuma. Ndivyo walivyopatikana Border, Lakeland, Patterdale na Jack Russell: wadogo, wagumu, wenye kujiamulia. Njiani wengi wao walipoteza ile hisia inayomwambia mnyama kwamba sasa imetosha. Aliyechanwa mdomo anarudi kwenye tundu lilelile. Aliyechoka hadi miguu inayumba bado anachimba. Kujua pa kuishia kumebaki kazi ya binadamu, na kwangu mimi ufundi wote wa kumlea mbwa huyu umo humo.

Jina kubwa katika historia yake ni la kasisi John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kutumikia kanisa la Swimbridge, Devon, kwa miaka mingi. Mwaka 1819, alipokuwa mwanafunzi Oxford, alinunua kutoka kwa muuza maziwa jike aliyeitwa Trump, mweupe mwenye mabaka machache kichwani na mkiani, na huyo akawa mama wa ukoo unaobeba jina la kasisi hadi leo. Russell aliwinda mbweha kwa farasi na kundi la mbwa wakubwa. Teria aliitwa pale tu mbweha alipojificha ardhini. Uwindaji ule wa burudani siutetei hata kidogo. Ninachokiona cha thamani ni aina ya mbwa aliyemtafuta. Teria aliyemuua mbweha shimoni alikuwa amewaharibia wote siku yao, kwa hiyo Russell alitaka mbwa wa kubweka na kusumbua mpaka mbweha atoke mwenyewe, bila kumrarua. Alitafuta kiasi ndani ya ujasiri, na kiasi ni kitu kigumu zaidi kukizalisha.

Alama ya busara hiyo ingalipo kwenye maonyesho ya mbwa. Mwamuzi wa teria wa aina ya Parson Russell humshika mbwa kwa viganja viwili nyuma ya mabega na kuona kama mikono inakizunguka kifua, vidole gumba vikikutana juu na vingine chini. Mtazamaji anaweza kudhani ni desturi tu. Kifua kisichoenea mikononi hakitaenea kwenye tundu la mbweha, na mbwa aliyekwama ardhini anaweza kufa huko. Viganja vile vinapima usalama wake mapema, kabla hajatumwa popote.

Enzi zilezile za Russell, London ilikuwa na watu waliompenda teria kwa namna yao. Katika uwanja wa Westminster, Aprili 1823, mbwa aitwaye Billy, mchanganyiko wa buldogi na teria, aliua panya 100 waliofungiwa ndani ya kizimba kwa dakika tano na nusu, huku watu wakicheza kamari. Sheria ya mwaka 1835 ilipiga marufuku kuwapiganisha dubu na mafahali na mbwa, lakini panya hakuonewa huruma na mchezo ukaendelea kwa miaka mingi. Billy alikuwa hodari, sina shaka. Ufundi wa mwenye mbwa siuoni, maana pale mwenye mbwa hakutakiwa kufanya lolote ila kumwachia.

Mafunzo yenyewe huanzia nyumbani, mbali kabisa na panya. Kati ya wiki ya tatu na kama wiki ya kumi na mbili kilebu hupokea dunia jinsi anavyoonyeshwa, na anachokizoea wakati huo hakitamshtua ukubwani. Basi hupelekwa akawaone kondoo, akae karibu na kuku, apigwe kucha na paka mwenye msimamo. Hufundishwa kwamba viumbe hivi si vyake. Teria anayekimbiza kondoo hana maisha marefu mashambani, kwa sababu sheria inaweza kumkinga mkulima anayempiga risasi mbwa anayesumbua mifugo yake. Kama kazi itahusu fereti, yule mnyama mdogo mrefu anayetumwa mashimoni kuwafurusha sungura na panya, basi hulelewa naye akimwona kila siku, mpaka amhesabu kuwa mtu wa nyumbani.

Kisha kuna kuitwa. Hapa nawastahi sana wenye subira, maana kosa linalomharibu mbwa ni dogo na hufanywa na watu wema. Kilebu anacheza, raha imekolea, wakati wa kuondoka umefika, anaitwa. Anakuja, anafungwa kamba, mchezo umekwisha. Rudia hivyo na utakuwa umemfundisha kwamba jina lake maana yake ni mwisho wa raha. Fundi humwita katikati ya mchezo, humpa kipande cha nyama, humsugua shingo, kisha humwambia aende. Anamwita tena, anamwachia tena. Mara nyingi mno kuitwa hakumpunguzii mbwa chochote, hivyo siku ile kuitwa kutakapomtoa kwenye hatari, miguu itageuka kabla kichwa hakijapinga.

Kuachilia kitu kilichomo mdomoni hufundishwa kwa njia iyo hiyo. Ukimvuta teria kitu alichokiuma anauma zaidi, maana ndivyo alivyoumbwa. Mjuzi hunyamaza, hulegeza kamba ya mchezo mpaka iwe kama imekufa, huleta nyama puani, na mdomo unafunguka. Halafu humrudishia kamba yake. Mbwa anajifunza kwamba kuacha hakumpotezei mali. Wapo wanaopiga kelele, wapo wanaopiga kabisa, na wapo waliotegemea mikanda ya shingoni yenye kurusha umeme, ambayo Wales iliipiga marufuku mwaka 2010. Kwa mbwa aliyechaguliwa asijali maumivu, adhabu ni lugha dhaifu kuliko zote. Pale Morogoro, shirika la APOPO na Chuo Kikuu cha Sokoine huwafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio mfupi unaofuatwa na chakula, bila kofi hata moja. Teria hufundishika kwa kanuni hiyohiyo.

Na hapelekwi kazini mapema. Meno ya ukubwani hukamilika karibu na mwezi wa saba, lakini mifupa na akili vinahitaji muda zaidi. Wenye hekima hungoja apate mwaka, wengine hata zaidi. Panya mkubwa aliyebanwa kwenye kona huuma usoni. Kilebu aliyeumwa kabla hajajiamini huweza kuogopa kabisa, au akawa na hasira isiyosikia neno, na mbwa wa namna hii ya pili ni shida kwa maisha yake yote.

Sasa turudi ghalani, mbwa wakiwa wamefunguliwa. Mmoja anapita pembeni mwa marobota pua chini, anapita tundu la kwanza, la pili, anafika la tatu na kuganda. Kichwa kinainama upande, masikio yanasogea mbele, mkia umesimama na ncha yake inatikisika kidogo sana. Mwenye mbwa anamtazama mkia. Kuna namna ya kusimama inayosema panya alipita hapa jana, na kuna namna inayosema yumo sasa hivi. Tofauti iko kwenye uzito ulioegemezwa miguu ya mbele. Akiridhika anawapanga watu. Robota livutwe na mtu mmoja, polepole, kutoka juu kwenda chini, maana rundo likiporomoka litamwua mbwa. Hakuna kupiga fimbo wala sepetu mahali mbwa alipo. Teria wengi wameumizwa na watu waliotaka kusaidia.

Robota linainuka. Panya anachomoka, mbwa anamshika nyuma ya mabega, anamtikisa mara moja, anamwachia, ameshageuka kumtafuta wa pili. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Mbwa mzuri habaki akimtafuna aliyekufa, na panya aliyekufa hivyo ameteseka kidogo sana kuliko yule wa sumu anayekufa kwa siku kadhaa. Baada ya muda mfupi yule wa kwanza anaitwa, anakunywa maji, anarudishwa garini apumue, mwenzake anashika zamu. Hataki. Anabebwa.

Chini ya ardhi mambo ni mazito zaidi. Sheria ya uwindaji ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Februari 2005 katika Uingereza na Wales, inaruhusu panya kuwindwa kwa mbwa kwenye ardhi ambayo mwenyewe ameridhia. Kwa mbweha shimoni imebakiza mlango mwembamba. Ni teria mmoja tu kwa wakati mmoja, kwa ajili ya kulinda ndege wanaotunzwa kwa uwindaji, mtu awe na maandishi ya kuonyesha ardhi ni yake au ameruhusiwa, na hatua zichukuliwe ili mbwa asiumie. Makao ya baja, jamaa wa mbali wa nyegere wetu, sheria ya 1992 imekataza yasiingiliwe. Mbwa huvalishwa mkanda wenye kifaa cha kutoa mawimbi, betri ikiwa imejaribiwa kabla hajaingia, na aliye juu hufuata ishara kujua yuko wapi na kina gani, ili ikibidi amchimbue bila kumwangushia udongo. Hata hivyo, mimi ningemwepusha mbwa na tundu la mbweha moja kwa moja. Marekani kuna majaribio ambamo teria hupita kwenye njia ya chini iliyotengenezwa, upana wa kama sentimita 23 na urefu wa mita 9, na mwishoni anawakuta panya walio salama ndani ya kizimba. Anabweka, anakwaruza, silika yake inashiba, na katika ngazi za juu hupimwa pia kama atatoka anapoitwa. Kipimo hicho cha mwisho kinanipendeza kuliko vyote.

Jioni, watu wengine wakisimulia idadi ya panya, fundi amepiga magoti na taa na bakuli la maji ya chumvi. Anainua midomo ya mbwa, anatazama fizi, anapapasa chini ya sharubu ambako jino la panya huacha tundu dogo lisiloonekana kwa manyoya. Tundu hilo hufunga upesi juu na kuoza ndani, hivyo ananyoa manyoya yanayolizunguka na kuliosha mpaka liwe safi. Anasafisha macho vumbi la majani, anafungua vidole kimoja kimoja. Amevaa glavu, maana mkojo wa panya hubeba leptospira, bakteria wa ugonjwa unaoshika mbwa na binadamu, na mbwa wake huchanjwa kila mwaka kwa sababu hiyo. Asubuhi anarudia ukaguzi wote. Jana yake mbwa alikuwa amepandwa na moto wa kazi asisikie maumivu. Leo anaonyesha mguu anaoutegea.

Kazi ngumu kuliko zote hufanyika bila panya wala tundu. Baadhi ya teria wana ugonjwa wa kurithi ambao lenzi ya jicho hutoka mahali pake. Shinikizo la jicho hupanda, mbwa huumia vibaya na huweza kupofuka. Mara nyingi hujitokeza kati ya miaka mitatu na minane, yaani mbwa akiwa ameshasifiwa kwa kazi na ameshazaa. Siku hizi kuna kipimo cha DNA, na mate ya shavuni yanatosha kujua kabla ya kupandisha. Mwenye nakala moja mbovu ya jeni anaweza kupandishwa na aliye safi, watoto wakapimwa. Mwenye nakala mbili hubeba ugonjwa wenyewe, na wafugaji ninaowaheshimu humtoa kwenye uzazi hata akiwa jike bora wa wilaya nzima. Wanampeleka kwa daktari wa mifugo apimwe macho mara kwa mara, wanaendelea naye ghalani kadiri daktari anavyoruhusu, na wanawapigia simu mmoja mmoja wale waliokwisha kuagiza vilebu vyake kuwaambia kwamba havitakuwapo.