Rokeya Hossain: Zaidi ya Ndoto

Rokeya Sakhawat Hossain (1880–1932), Mwislamu wa Bengali chini ya utawala wa Mwingereza, anajulikana ugenini kwa hadithi fupi moja: Sultana's Dream (1905), yaani Ndoto ya Sultana. Humo wanaume ndio waliotawishwa, na wanawake wanaendesha nchi kwa elimu. Adui anashindwa kwa joto la jua lililokusanywa na chuo kikuu cha wanawake.

Wapo wanaoilaumu kwamba imebadili wafungwa tu, kifungo kikabaki. Lawama hiyo haina uzito, kwani hadithi ni kejeli. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni lugha: iliandikwa kwa Kiingereza, ambacho wengi wa waliotawishwa hawakukijua.

Katika familia za kiungwana kama yake, Kiarabu, Kiajemi na Kiurdu vilitukuzwa, Kibengali kikadharauliwa. Rokeya alifundishwa Kibengali na dada yake, Karimunnesa, na sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya lugha hiyo. Ndoto yenyewe aliiandika tena kwa Kibengali.

Kazi yake nzito zaidi ni Abarodhbasini (1931), visa 47 vya wanawake wa utawani. Katika kimoja, mwanamke aliyejifunika anaanguka relini; mtumishi wake anawakataza wanaume wasimguse; gari moshi linamponda. Mwandishi hahubiri. Anasimulia kwa sauti kavu, na msomaji ndiye anayetetemeka.

Hata shule yake imo. Aliifungua Kolkata mwaka 1911 ikiwa na wasichana 8, na uhai wake ulitegemea ridhaa ya wazazi wale wale aliowakosoa. Basi la shule lilizibwa mno hata watoto wakazirai. Lilipowekewa mapazia, zikaja barua za kulalamika kwamba upepo unayapeperusha. Hapo mhakiki wa utawa anakiri kwamba naye alilazimika kuuhudumia ili wasichana wasome.

Sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda, lugha iliyobezwa kwa miaka mingi kuwa ya askari, tunayajua maridhiano ya namna hiyo. Tusifundishe Ndoto peke yake. Tuisome pamoja na Abarodhbasini, la sivyo tutampa mwanafunzi ushindi bila kumwonyesha gharama yake.