Diangienda: tusikilize muziki, tuache ule waya wa breki

Jioni moja huku Mulongwe tulikaa watu watano kwenye telefone moja tukaangalia *Kinshasa Symphony*, filamu ya mwaka 2010. Umeme ulikuwa umeenda. Na katika filamu yenyewe umeme unaenda: orkesta iko kwenye mazoezi ya Beethoven, taa zinazimika, wanamuziki wanaendelea kupiga gizani. Tulicheka sana, juu hayo ni maisha yetu.

Ila toka siku ile kuna kitu kinanisumbua.

Armand Diangienda ni mjukuu wa Simon Kimbangu. Alikuwa rubani wa ndege. Alipopoteza kazi, akaanzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste kule Kinshasa, mwaka 1994. Mwanzoni vyombo vilikuwa vichache, watu wanapokezana violini. Uzi ukikatika, wanatia waya wa breki ya baisikeli. Hadithi hiyo imezunguka dunia, na karibu kila anayeandika juu yao anaanza na ule waya. Sawa. Na muziki je?

Diangienda haongozi orkesta tu, ni mtunzi. Ametunga simfoni, *Mon identité*, yaani utambulisho wangu, na ndani yake vyombo vya Ulaya vinakutana na midundo ya kwetu. Uliza rafiki zako wangapi wanajua jina hilo. Waya wa breki unajulikana zaidi. Hiyo ni sifa ya huruma, na sifa ya huruma haimsaidii mtunzi, kwa sababu haimwambii wapi amefaulu na wapi amekwama.

Basi mimi nitasema ya kwangu. Katika filamu ile, kwaya ndiyo nguvu yao. Wanaimba Kijerumani cha Beethoven kama watu waliokulia kanisani, sauti imejaa na hawaogopi. Violini bado zinahangaika kwenye sehemu za haraka. Kusema hivyo si kuwadharau. Ni kuwahesabu kama wanamuziki, vile tunavyowahesabu wa Berlin ao wa Paris.

Sasa turudi kwetu. Mwalimu wa kwaya yetu alikuwa ametunga nyimbo miaka mingi, zote kwa solfa katika makaye. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, nyumba yake ilijaa tope na makaye yakaenda. Watu walimpa pole kwa nyumba, magodoro na sufuria. Hakuna aliyemuuliza juu ya nyimbo. Hata mie sikuuliza, na nilikuwa naziimba.

Ndiyo maana simfoni ya Diangienda inanigusa. Imeandikwa kwa nota, kila chombo na karatasi yake. Orkesta nyingine inaweza kuipiga bila yeye kuwepo, na wajukuu wetu wanaweza kuikosoa. Za mwalimu wetu zimebaki kichwani mwake, na yeye anazeeka.

Tunapenda kusema Uvira haina watunzi. Tunao. Ila hatuwasikilizi kama watunzi, tunawaona kama wazee wa kwaya.

Jumapili hii, baada ya ibada, nitaenda kwake na kaye mpya. Yeye ataimba, mimi nitaandika solfa. Nota za kweli sizijui vizuri. Kama kuna mmoja wenu aliyezisoma, aje tusaidiane.