Kadi ya Visa Iliyoizika M-Pesa ya Afrika Kusini

Kosa lililoimaliza M-Pesa ya Afrika Kusini si la 2010, mwaka ambao Vodacom na Nedbank waliizindua wakilenga wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Kuanza vibaya kunasameheka: Tanzania nako huduma ilianza kwa kusuasua 2008, mtandao wa mawakala ukajengwa, mambo yakanyooka. Kosa ni la 2014. Baada ya miaka minne ya kuona wateja hawaji, Vodacom waliirudisha sokoni, safari hii na Bidvest Bank, wakaiambatanisha na kadi ya Visa. Huduma iliyoshamiri Kenya kwa sababu mama mboga hakuhitaji kadi wala tawi la benki, ikapewa kadi katika nchi ambayo kadi za benki zilishaenea. Uamuzi huo ulikuwa mbovu tangu mezani. Mwenye kadi yake hakuongezewa kitu. Asiye nayo alihitaji duka la jirani lenye floti, mtu wa kupokea noti zake leo na kumrudishia kesho bila kumwambia mtandao uko chini au pesa zimeisha. Nguvu iliyokwenda kwenye kadi ilipaswa kwenda kwa mwenye duka huyo. Kufikia 2016, huduma ilipofungwa, wateja hai walikuwa kama 76,000.

Safu hii imesema mara nyingi na haitachoka: ubunifu wa biashara hutoka kwa mteja anayekitumia kitu kwa namna ambayo aliyekitengeneza hakuiwaza. Nick Hughes na Susie Lonie, waliobuni M-Pesa, ndio kipimo. Majaribio yao ya 2005 nchini Kenya, kwa wateja wa taasisi ya mikopo ya Faulu wasiofika 500, yalikusudiwa marejesho ya mikopo midogo. Wateja wakafanya yao. Mtu aliweka pesa kwa wakala kabla ya safari, akazitoa alikofika. Mwingine alimtumia ndugu ambaye hakuwemo kabisa kwenye majaribio. Wawili hao waliona, wakayaweka marejesho pembeni, na Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Watetezi wa Vodacom husema Waafrika Kusini wengi wana akaunti, na sheria inadai benki iwepo. Yote mawili ni kweli, wala hayaokoi kitu. Benki ya FNB, chini ya sheria hizohizo, ilileta eWallet 2009: mwenye akaunti anatuma kwa namba yoyote ya simu, mpokeaji anatoa kwenye ATM bila kadi. Waliangalia nchi yao ilivyo, mtumaji ana akaunti, mpokeaji hana, ATM ziko kila mtaa, wakajenga juu ya hapo. Vodacom ilipofunga huduma ilieleza kuwa watumiaji hawakufikia wingi wa kutosha. Hayo ni matokeo, si sababu. Jibu la FNB lilikuwa mbele ya macho yao kwa karibu miaka mitano, na bado wakachagua kadi.